Pepo Ana Jina, Mtumwa Je? Namna ya Kupanga Watu katika Filamu ya Kutisha ya Unguja ya Kale

Dunga, katikati ya Unguja kwenye njia ya Chwaka, pana magofu ya jumba lililojengwa na Mwinyi Mkuu, mtawala wa wenyeji, Muhammad bin Ahmed kati ya mwaka 1846 na 1856. Ngano yake kila mtoto wa kisiwani ameisikia: watumwa walichinjwa wakati wa ujenzi, damu yao ikachanganywa na chokaa ili kuta zishike. Zipo pia habari za ngoma na siwa (baragumu) za utawala, zinazosimuliwa kuwa zilikuwa zikilia zenyewe jambo zito likikaribia. Anayetaka kutengeneza filamu ya kutisha ya zamani za kwetu hawezi kupita Dunga akafumba macho. Ndiyo maana skripti za Dunga naletewa nyingi, na karibu zote zimekatwa kwa mkasi mmoja. Mwinyi Mkuu anazungumza kurasa nzima nzima. Mkewe anaota ndoto. Pepo anajitambulisha kwa jina lake na la babake. Watumwa wameandikwa MTUMWA WA KWANZA, WA PILI, WA TATU. Wanachinjwa ukurasa wa nne bila kutamka neno, na ukurasa wa sitini wanarudi wakiwa mizuka yenye macho meupe kumtisha binti wa kiungwana.

Mimi ni fundi wa nguo. Nilianza kwa kushona kofia za viua pamoja na mama yangu, mtaani Mwembetanga, nikaingia kwenye filamu siku mtayarishaji mmoja alipotaka kanzu arubaini kwa wiki mbili. Siku hizi sikati kitambaa kabla sijasoma skripti, kwa sababu nguo ya mtu asiye na jina haishoneki. Unamshonea nani? Amelala wapi jana? Alijifunga nguo hiyo mwenyewe au alifungwa? Upande wa mama ni Wamakunduchi. Upande wa baba, mama wa bibi yangu aliletwa kisiwani mtoto, kutoka ziwa Nyasa. Hapa aliitwa Tufaha. Jina alilopewa na mamake hakuna katika ukoo wetu anayelijua. Kwa hiyo nikiona MTUMWA WA PILI kwenye karatasi, moyo unaniuma, nami nasema wazi kwamba mwongozo huu nimeuandika kwa ajili yake.

Yafuatayo ndiyo ninayowaambia waandishi na waongozaji wanaponiuliza wafanye nini ili kila aliyekuwapo wakati ule awepo na kwenye filamu, kama mtu.

Andika mwaka ukutani

Usiseme "zamani". Zamani haina watu. Sema 1852, na papo hapo utajua nani yupo na nani hajafika. Sultani Sayyid Said yu hai bado, atakufa baharini mwaka 1856. Soko la watumwa mjini liko wazi, halitafungwa mpaka 1873, na utumwa wenyewe hautafutwa kisheria mpaka 1897. Beit al Ajaib haipo, ni ya 1883. Kanga hazipo, zilikuja miongo ya mwisho ya karne hiyo, na maandishi yake baadaye zaidi. Hata kunguru wa Kihindi hawapo, waliletwa miaka ya 1890, nami nimewahi kumsihi mtu wa sauti aondoe milio yao kwenye sini (onyesho) ya alfajiri ya 1850 kwa sababu masikio ya wazee wetu yataijua.

Ukisogeza mwaka, watu wanabadilika. Ukiiweka hadithi Aprili 1872, kimbunga kimeng'oa mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya Pemba, na pepo waliozoea kukaa mitini hawana pa kukaa. Hiyo nayo ni filamu nzuri, ila ni ya watu wengine. Chagua moja.

Andika watu wa nyumba, kuanzia jikoni

Chukua karatasi, uandike kila mtu anayelala au anayefanya kazi mahali pa hadithi yako. Usianzie sebuleni. Anzia jikoni na kisimani. Kwa jumba la Dunga orodha yangu huwa hivi: wachoma chokaa kwenye tanuu, wachukuzi wa mawe ya matumbawe, wanawake wanaoleta maji, wakata boriti za mikandaa na wanaozibeba kutoka pwani, mpishi, mlinzi wa mlango, mwalimu wa chuoni, Wahadimu, yaani wenyeji wa Unguja, waliotolewa vijijini kuja kufanya kazi ya Mwinyi Mkuu kwa lazima, masheha walioamrishwa kuwaleta, mtu wa mjini anayekopesha reale (fedha za wakati ule), mke, suria, watoto.

Kisha usiandike neno "watumwa" ukadhani umemaliza. Watu wa wakati ule wenyewe walitofautisha. Mjinga alikuwa aliyeletwa juzi, hajui Kiswahili, hajui adabu za hapa. Mzalia kazaliwa pwani, anajua kila uchochoro wa lugha na pengine anamdharau mjinga. Mtwana ni mwanamume, mjakazi mwanamke, suria ni aliyechukuliwa na bwana na watoto wake ni waungwana. Shambani kulikuwa na nokoa, mtumwa anayewasimamia wenzake, na kadamu chini yake. Nokoa huyo ni zawadi kwa mwandishi wa filamu ya kutisha: mtu anayeogopwa na walio chini na kuogopa walio juu, usiku anarudi kulala kwenye kibanda kilekile. Nashangaa namna asivyoandikwa.

Wala usisahau kwamba Wahadimu si Waarabu wala si watumwa. Wao ndio wenye mizimu ya mahali. Kijiji kilikuwa na mvyale, mtunza mizimu ambaye angeweza kuwa mwanamke, na kilikuwa na wazee wake wanne waliokata mashauri. Jumba la Dunga likijengwa, ni ardhi ya mizimu ya nani inayochimbwa? Swali hilo moja limenipa sini nyingi kuliko damu yote ya kwenye chokaa.

Penseli mbili

Hapa tukae kidogo, maana ndipo kazi ilipo.

Filamu ya kutisha inagawa hofu kama karamu inavyogawa nyama. Anayepewa kuogopa ndiye tunayemkaribia. Kamera inamsogelea, tunasikia pumzi yake, tunajua anampenda nani na asingependa kufa kabla ya kufanya nini. Anayeogopwa hapewi lolote kati ya hayo. Kwa hiyo ukitaka kujua skripti yako inamhesabu nani kuwa mtu, usiangalie nani ana maneno mengi. Angalia nani anaogopa.

Chukua penseli nyekundu na ya buluu. Pitia skripti yote. Kila mahali mtu anaposikia kitu na kusimama, anapouliza "nani?", anaposhindwa kulala, piga mstari mwekundu na uandike jina lake pembeni. Kila mahali mtu au kitu kinapotisha, piga wa buluu. Ukimaliza, hesabu. Skripti moja niliyoipitia hivyo ilikuwa na mistari myekundu 41 ya binti wa nyumba, 9 ya baba yake, na mmoja tu wa watumwa wote kwa pamoja, nao ni ukelele wa kufa. Ya buluu ilikuwa karibu yote ya watu weusi zaidi: mizuka, mganga, mlinzi bubu, mwanamke anayetembea usiku. Mwandishi ni kijana mwema, mwenyewe ana damu hiyohiyo. Alipoona karatasi alinyamaza kwa muda mrefu. Hakukusudia. Alikuwa amefuata namna filamu za aina hii zinavyofanywa kila mahali.

Tulifanya hivi. Tulimwondoa binti kwenye sini ya kwanza ya hofu, tukamweka msichana mchukuzi wa chokaa. Yeye ndiye anayeishika chokaa kila siku. Yeye ndiye wa kwanza kuona kwamba ukuta mmoja haukauki. Jua la kaskazi linawaka, kuta nyingine zimekuwa nyeupe na ngumu, huu mmoja bado unalowanisha vidole siku ya tatu, ya saba, ya kumi. Anaogopa. Anataka kumwambia mtu, lakini ni mjinga, Kiswahili hana, na nokoa akimwona amesimama atampiga. Kwa hiyo yeye na mtazamaji wanajua, na nyumba nzima haijui. Nakuhakikishia, sini hiyo ilitisha kuliko macho meupe yote ya rasimu ya kwanza. Kumpa mtu utu wake na kumtisha mtazamaji zilikuwa kazi moja.

Halafu waliochinjwa. Wakirudi, warudi na shughuli. Mtu aliyekufa ana anayemtafuta, ana anayemhurumia, ana deni. Tuliandika mmoja wao anakuja kukaa kando ya msichana yule penye tanuu, usiku, kama mtu anayeota moto, bila kumdhuru. Binti wa nyumba anapowaona kwa mbali, yeye anaona mizuka. Msichana anaona kaka wa jahazini, aliyeletwa naye. Watu walewale, macho mawili tofauti, na filamu haisemi nani kakosea.

Jina, kisha lugha

Kila mtu aliyeko kwenye karatasi yako apate jina, hata kama halitatamkwa. Waliotiwa utumwani mara nyingi walipewa majina na mabwana: Feruzi, Almasi, Mabruki, Baraka, Farhani. Mpe hilo, na umpe na la kwao. La kwao ulitafute kwa watu wa kwao. Usilibuni kwa kusikiliza lipi linasikika "kibara". Kama mhusika ni Myao wa 1852, wazungumzaji wa Kiyao wako Tunduru na Masasi. Kinyasa kiko Mbamba Bay. Piga simu, lipa mtu siku mbili za kukaa na wewe na skripti.

Hili la lugha lina kisa. Kwenye filamu moja alikuja mwigizaji kutoka Tunduru, akaambiwa aseme Kiswahili kibovu, "kama mtu wa shamba", ili sini ichangamke. Akajaribu, watu wakacheka, akacheka na yeye kidogo. Wakati wa chakula nilimpelekea wali wake, nikamuuliza nyumbani wanaongea nini. Kiyao. Nikamwomba mwongozaji ampe nafasi moja tu: aseme yaleyale kwa Kiyao, bila haraka. Alipomaliza hakuna aliyecheka. Alikuwa mtu mzima mwenye lugha timamu aliyesimama mbele ya watu wasioielewa, na upungufu ukawa wao. Maandishi ya tafsiri yakawekwa chini ya picha. Fanya hivyo tangu mwanzo.

Wahadimu nao waseme kama Wahadimu. Makunduchi ina lahaja yake, na Kiswahili sanifu kilianza kupangwa karne ya ishirini tu, kwa hiyo mtu wa 1852 anayeongea kama msoma habari ananiondoa kwenye hadithi mara moja. Tafuta mzee wa kike, wao huhifadhi zaidi, mkae naye na mistari ya mazungumzo. Salamu pia zina vyeo. Shikamoo ya leo ni heshima ya mdogo kwa mkubwa. Wakati ule ilikuwa salamu ya kujishusha, ya mtumwa kwa bwana, kushika miguu. Mtoto wa kiungwana akimwambia mjakazi mzee shikamoo kwenye filamu ya 1852, umefuta utumwa kwa neno moja. Na mjakazi anapomwambia mtoto huyo shikamoo, mwache mtazamaji aisikie vizuri.

Barua ikionekana, iwe kwa herufi za Kiarabu. Kiswahili kiliandikwa hivyo.

Mganga, bibi kizee, mtu mwenye ualbino

Hapa nazungumza kwa uzito, kwa sababu watu wamekufa.

Usukumani vikongwe wameuawa kwa kuwa na macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kupikia miaka hamsini. Watu wenye ualbino wamewindwa na kukatwa viungo nchini kwetu, na mpaka leo wazazi wao hulala usingizi wa mang'amung'amu. Umoja wa Mataifa ulitenga tarehe 13 Juni kuwa siku yao baada ya damu hiyo. Mwaka 1995, uvumi wa Popobawa, jini anayedaiwa kuvamia watu usiku, ulipotapakaa Pemba na Unguja, familia zililala nje kwa makundi, na mjini mtu mmoja mwenye maradhi ya akili aliuawa na umati uliomdhania kuwa ndiye. Filamu inayomfanya bibi mwenye macho mekundu kuwa mchawi, au inayomtumia mtu mwenye ualbino kama jini kwa sababu "sura inafaa", inatia kuni kwenye moto unaowaka. Mtu anayezungumza peke yake barabarani naye usimfanye alama ya kwamba pepo yuko karibu. Kwa hili sina mjadala na mtayarishaji yeyote. Nguo zangu nafunga, naondoka.

Lakini kuwaondoa kabisa si jibu. Walikuwapo. Waandike wakiwa watu wenye kazi na ndugu. Tulipotafuta mwigizaji wa mwalimu wa chuoni, alikuja kijana mwenye ualbino mwenye sauti ya kusoma ya kukufanya uache unalofanya. Alipewa nafasi hiyo, naye ndiye anayemficha msichana wa chokaa nyumbani kwake. Ukimpata mwigizaji kama huyu, panga siku zake asubuhi mapema na jioni, weka kivuli halisi, turubai na si mwavuli, nunua mafuta ya kukinga jua kwenye bajeti, na maandishi ya skripti yake yachapwe makubwa. Muulize na habari za macho, taa kali zinawaumiza wengi wao.

Mganga: tafadhali, acha mafuvu na manyoya. Uganga wa pwani una adabu zake. Kuna chetezo, ubani, udi, marashi, sahani ya kombe iliyoandikwa kwa zafarani, kuna kilinge, mahali pa kufanyia uganga, kuna wateja wanaolipa na kulalamika. Aliyepandwa na pepo huitwa kiti. Na pepo wenyewe wana makabila, jambo ambalo wageni wanalishangaa na sisi tumelizoea. Unguja leo wako ruhani, Waislamu wa Kiarabu, wanaopenda usafi na harufu nzuri; wako rubamba wa Pemba; wako kibuki wa Bukini (Madagaska), Wakristo wanaotaka brandi; wako habeshia wa Ethiopia. Kila mmoja ana lugha, chakula, jina na nasaba. Mwanamke wa Jambiani anakuwa kiti cha Mhabeshi, na watu waliokaa ukumbini wanamwamkia mgeni huyo kwa heshima zake. Bahari yote ya Hindi imekaa kwenye kilinge kimoja. Unapojiuliza namna ya kuonyesha makabila mengi bila kuyafanya mapambo, nenda ukasikilize hapo: kila anayefika huulizwa jina lake na anataka nini.

Mwarabu na Mhindi

Kuna njia ya mkato: Mwarabu mwenye bakora, Mhindi mwenye mizani, na filamu imepata wabaya wake. Usiipite. Utumwa ulikuwepo, na mashamba ya mikarafuu ya mabwana wa Kiarabu yalilimwa na watu walionyang'anywa makwao; usipunguze hata nukta moja. Lakini Mwinyi Mkuu wa Dunga hakuwa Mwarabu wa Oman, ni mtawala wa wenyeji, na ngano ya damu kwenye chokaa ni yake. Wahindi nao walimiliki watumwa, na balozi wa Uingereza Rigby aliwalazimisha kuwaachia karibu na 1860. Dhambi hii ilienea katika nyumba nyingi, na filamu ikiifunga kwenye sura moja inawaosha wengine wote. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, kisiwa hiki kinajua gharama ya kumfanya jirani kuwa jini.

Mumiani ni mfano mzuri. Uvumi wa watu wanaonyonya damu kwa ajili ya dawa umetembea pwani tangu karne ile, mara wakatajwa Wahindi, mara Wazungu, baadaye hata wazimamoto. Ukiutumia, onyesha uvumi unavyotembea, nani anauanzisha na nani anavunjiwa duka. Usimwonyeshe Mhindi akinyonya damu. Mtu wa kukopesha reale kwenye skripti yetu ana sini moja peke yake usiku, amefunga mlango kwa miti miwili, anaogopa. Mstari mwekundu. Ulimtosha kuwa mtu.

Na ukisema Mwarabu, sema yupi. Mmanga, Mwarabu wa Oman, mwenye duka dogo la tende hakuwa sawa na mwenye shamba. Mshihiri wa Hadhramaut, mchukuzi wa maji, aliwabebea wote wawili. Askari wa Sultani wengi walikuwa Mabulushi. Mwalimu angeweza kuwa Mngazija wa Komoro.

Nguo, miguu, taa

Mtumwa hakuvaa kofia wala viatu mbele ya waungwana. Kwa hiyo filamu yako itaonyesha cheo kwa miguu kabla ya nyuso, na mpiga picha akilijua hili atakushukuru. Wanaume wachukuzi: kipande cha merikani kiunoni, ile pamba isiyopaushwa iliyoletwa na Wamarekani wa Salem, iliyokwisha geuka rangi ya vumbi. Wanawake: kaniki iliyofungwa chini ya kwapa, mabega wazi. Loweka kaniki kwa chumvi na jua wiki nzima, mpya hung'aa mno. Wanawake wa kiungwana: ukaya, wa Kimanga wa juu: barakoa. Buibui lisubiri. Waigizaji wa kike waulizwe mapema, kwa faragha, kama mabega wazi yanawafaa. Dada mmoja alikataa, nikamwandikia kuwa mhusika wake amepewa kipande cha pili cha nguo na marehemu rafiki yake, na kipande hicho kikawa sehemu ya hadithi.

Minyororo: tumia kidogo. Mtazamaji akizoea kuwaona watu wetu kwenye minyororo, haoni tena watu.

Taa nazo ni jambo la haki. Usiku wa 1852 ni taa ya mafuta ya nazi au ya ufuta na moto wa tanuu. Mpiga picha akipima mwanga kwa uso wa binti mweupe wa nyumba, msichana wa chokaa anabaki meno na macho, ndiyo hayo macho meupe tunayoyakimbia. Apime kwa uso mweusi zaidi kwenye sini. Mwanga uje wa pembeni, upige kwenye ukuta au shuka na kurudi, usimpige usoni moja kwa moja. Mafuta ya nazi kidogo kwenye paji, mashavu na mabega, ngozi inaurudisha mwanga na umbo linaonekana. Na usimpake mtu rangi kumfanya mweusi zaidi au mweupe zaidi. Tafuta mtu mwenye rangi yake.

Ngoma ya kweli usiipige

Tulikuwa na sini ya kupunga pepo. Wapigaji walikuwa mafundi halisi, na mwongozaji aliwaomba wapige "ile yenyewe". Ilipigwa. Mwanamke mmoja wa kijijini, aliyekuja kukaa nyuma kwa posho ya siku, akaanza kutetemeka, kitambaa kikamtoka kichwani, akapanda. Haikuwa kuigiza. Kamera ikageuzwa kwake, nikasikia mtu akinong'ona endelea, endelea. Nilikwenda nikasimama mbele ya kioo cha kamera na kanga yangu nimeitandaza kwa mikono miwili, nikaita wazee. Walimtuliza. Baada ya saa nzima, swali lake la kwanza kwangu lilikuwa, "Mmenipiga picha?" Niliweza kumjibu kuwa iliyopigwa itafutwa, na nilikaa mpaka ikafutwa mbele yangu.

Kwa hiyo: zungumza na wapigaji siku moja kabla. Kila pepo ana mdundo wake, waombe waubadilishe, wao wanajua wabadilishe wapi. Waliopo waambiwe mapema kutakuwa na ngoma, na mwenye kitu chake asikae karibu. Mapango na mizimu inayotumika bado usishuti ndani yake. Jenga yako kwa turubai na matumbawe. Kibali utakipata kwa Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni, lakini sheha na watunza mahali nao waendewe kwa miguu, kabla ya gari la vifaa kufika. Ijumaa acha.

Watu wa nyuma walipwe sawasawa, mjini na shamba, na majina yao yaandikwe mwisho wa filamu kama wanavyotaka wenyewe yaandikwe. Nenda na daftari, waandike wao. Wengine wataandika jina la bibi badala ya lao. Waache.

Filamu yenyewe ipeleke Dunga kabla ya popote, kwa shuka jeupe na jenereta, baada ya isha. Kaa nyuma, usiangalie picha, angalia watu. Pale sisi, kizee mmoja aliondoka wakati wa sini ya tanuu. Nilimfuata nikidhani tumemkosea. Alikuwa amekaa barazani, akaniuliza yule mtoto wa chokaa tumempa jina gani. Nikamtajia. Akalirudia mara mbili, la Kiyao lilimtatiza ulimi, akalishika, kisha akasema nimshike mkono arudi ndani.